Jina Moja kwenye Jiwe la Mzee Naftali

Hapo zamani, na si zamani sana maana visimani mwake bado tunateka maji, mjini Lusingeti aliishi Myahudi mmoja, Mzee Naftali. Mkewe na wanawe watatu waliuawa vitani huko Ulaya, naye akaja kwetu na sanduku moja. Akajenga zahanati, akachimba visima, akasomesha watoto wa watu, na hakukubali jina lake liandikwe popote. Kabla hajafa aliacha neno: kaburini msitaje nilichotoa. Andikeni "Baba wa", kisha jina moja tu. La nani, mtajua wenyewe.

Akafa Jumatatu asubuhi. Wayahudi huzika upesi, na maiti wao haachwi peke yake. Lakini Daktari Barasa, aliyesomeshwa na Mzee tangu utotoni, akazuia maziko. Alijua sala ya wafiwa yataka wanaume kumi wa dini yao, akaenda jijini kuwatafuta.

Siku mbili Rispa, mpishi wa Mzee, akakaa na maiti. Hakuondoka hata alipoletewa habari kwamba mama yake anakata roho kijiji cha pili. Mama akafa akimwita.

Siku mbili fundi Zakayo akaunda jeneza lisilo na msumari hata mmoja, kama desturi yao itakavyo. Mbao zikapungua, akavunja kitanda chake. Na Zakayo huyu, Mzee hakuwahi kumpa kitu. Hata alipomwombea mwanawe nafasi ya shule, alikataliwa.

Daktari akarudi na wanaume tisa. Maskini, alimhesabu Mzee kuwa wa kumi. Wakamwambia marehemu hahesabiwi. Mzee akazikwa bila ile sala, nasi tukalia kwa uchungu na aibu. Mwaka mzima, kila wiki, Daktari akasafiri hadi sinagogi la jijini, akasimama nyuma, Wayahudi wenyewe wakimsomea Mzee ile sala.

Mwaka ulipotimia, jiwe likaletwa. Wale watatu wakafika, kila mmoja akidai jina liwe lake.

Rispa akasema, "Nilimwacha mama yangu afe bila mimi, ili yeye asiwe peke yake."

Daktari akasema, "Nilikosea siku moja, nikajutia mwaka mzima. Na yeye ndiye aliyenilea."

"Ninyi mlirudisha fadhila," Zakayo akasema. "Mimi nilitoa."

Mchonga jiwe ameshika patasi, na nafasi ni ya jina moja. Mimi nimeshindwa. Je, ninyi mnaonisikiliza, aandike Baba wa nani?