Viazi Vikuu Nyuma ya Kiambaza

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pemba palikuwa na mja mwema aitwaye Maalim Haidari bin Mbaruku. Jina la kijiji nalijua ila sitalitaja. Kisa chenyewe ni cha sitara, na si vizuri mimi nianze kwa kuivunja.

Maalim Haidari alikuwa imamu wa msikiti mdogo wa hapo na mwalimu wa chuo cha Kurani. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, hakumiliki ila kanzu mbili, na aliposoma Kurani sauti yake iliwaliza hata watu wenye mioyo migumu. Mkono wake ulijua jembe pia. Shamba lake la viazi vikuu halikuwa na mfano, na watu walisema kiazi cha Maalim huliwa bila kitoweo.

Kijijini hapo palikuwa na desturi. Mtu akichimba viazi vyake, kabla hajatia chunguni hata kimoja, huchagua kilicho kizuri kupita vyote akakipeleka kwa jirani wa mkono wa kulia. Wakikiita kiazi cha jirani. Jirani wa mkono wa kulia wa Maalim alikuwa Bi Mwatime, mjane aliyeishi na binti yake Subira, na Subira mwaka huo alikuwa mja mzito. Mkewe Maalim, Bi Raya, alikuwa na maradhi ya miguu, hawezi kwenda mbali, na maji ya nyumba ile akichotewa na huyo huyo Bi Mwatime. Hakuwahi kuombwa, wala hakuwahi kulitaja.

Ukaja mwaka wa ukame. Masika yalinyesha kwa kuibia, mashamba yakatoa haba, na Maalim akachimba viazi thelathini tu. Kwa kawaida viazi vikuu huanikwa kivulini siku tatu, palipokatwa na jembe hupakwa jivu, kisha hulazwa juu ya kichanja ghalani na kufunikwa mchanga mkavu. Kila wiki mtu huingia akavigeuza, akatoa kilichoanza kuoza kisije kikaambukiza vingine, akavunja machipukizi. Chakula cha ghalani hakitaki kufuli, chataka mkono.

Mwaka ule Maalim aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa kama tunavyoogopa sisi. Na shetani hamwendei mcha Mungu na kibuyu cha tembo. Humwendea na sababu nzuri. Nafsi ikamwambia: wewe ndiye imamu, ukianguka kwa njaa nani atawasalisha hawa? Hifadhi kwa ajili ya dini. Akavipanga viazi vyote kwenye kona ya ghala, akasimamisha mbele yake kiambaza cha fito na udongo hadi karibu na paa, akakisawazisha kikafanana na kuta nyingine. Kiazi cha jirani hakikutoka.

Bi Raya aliketi mlangoni akimtazama anavyokanda udongo.

"Maalim," akasema, "ukivifungia humo, nani atavivunja machipukizi?"

"Si kwa muda mrefu, Raya. Tutakibomoa shida ikizidi."

"Na Mwatime?"

Maalim akapaka udongo mahali palipokwisha kupakwa.

Vuli haikuja. Watu wakala mbegu, zilipokwisha mbegu wakaingia mwituni kuchimba viazi vichungu, vile visivyolika mpaka viroweshwe siku nyingi, na aliyefanya haraka alilipia kwa tumbo lake. Subira alijifungua mtoto wa kike katika siku hizo. Siku ya tisa Bi Mwatime akaja kwa Maalim na kipakacha kitupu, macho chini.

"Maalim, sikuzoea kuomba, nawe wanijua. Mzazi wangu, Subira, hana maziwa. Kama kipo chochote ghalani, hata kipande, nitashukuru."

Sasa sikilizeni alichofanya mja yule, maana ni kosa ambalo mjinga hawezi kulifanya, ni mpaka uwe umesoma. Hakusema sina. Aliogopa kusema uongo. Alimwongoza hadi ghalani, akaufungua mlango wote, akasema, "Dada yangu, ghala ndilo hili. Tazama mwenyewe."

Bi Mwatime akatazama. Akaona kichanja kikavu, kapu moja la makopa ya muhogo lililofika nusu, na ukuta.

"Nimeona, Maalim," akasema. "Mola atatupa sote."

Maalim akampa makopa matatu. Usiku akasali, akaipitia kauli yake neno kwa neno, akaiona haina uongo ndani yake. Lakini alipofika kwenye kusujudu alikaa muda mrefu akashindwa kuinuka kwa furaha aliyoizoea.

Haukupita mwezi akafariki Mzee Shaame, mchimba visima, mtu aliyekuwa na mabega ya kubeba mlango. Walisema ni homa, nao walijua si homa. Maalim ndiye aliyemwosha. Ilipofika wakati wa kumgeuza upande alinyoosha mikono miwili, akaona mmoja unatosha. Akatoka pale, akarudi nyumbani, akasimama mbele ya kiambaza, kisha akaenda zake chuoni kusomesha. Haya nayo tuyaseme, tusimsitiri kwa alilolitangaza mwenyewe.

Siku zikaenda katika jua lile la kaskazi, ambalo halikubakisha jani bichi kijijini. Asubuhi moja Maalim alitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri. Siku zote hurudi kwa njia ya mbele. Siku hiyo akapita nyuma ya nyumba, njia ya kisimani, kwa kuwa alisikia fito zinalia. Akamkuta Bi Mwatime amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, kisu mkononi, mkono mwingine ameupenyeza kwenye makuti ya paa la ghala la Maalim.

Akaudhika. Kwanza alidhani mwanamke yule anaiba makuti.

"Mwatime! Wafanya nini nyuma ya nyumba yangu?"

Bi Mwatime alishtuka akaficha kitu ndani ya kaniki yake, lakini ncha ikabaki nje. Ilikuwa ncha ya mmea mbichi unaotambaa, wenye majani mapana mfano wa moyo. Maalim akainua macho. Pale kiambaza chake kilipokaribia paa, mmea mwingine ulikuwa umepenya katikati ya makuti na kuanza kupanda juu, kijani kibichi katika nchi nzima iliyokauka.

"Nakata, Maalim," akasema Bi Mwatime taratibu. "Watu wa kisimani huanza kupita jua likichomoza. Sikutaka wauone."

"Umeanza lini?"

"Leo siku ya ishirini. Nikikata hapa, hutokea pale. Vina nguvu viazi vyako, mashaallah."

"Ulijua ni viazi?"

"Maalim, mimi nimezaliwa shambani. Kiazi kikuu nakijua kwa jani lake, tena katika jua hili."

Maalim akautazama tena ule mmea juu ya paa. Mwisho akasema, "Siku ishirini mwanao hana maziwa, nawe wapanda kinu kunikatia mimi majani. Mbona hukuniita ukanitukana?"

"Watu wamebakiwa na nini mwaka huu, Maalim, ila kusali nyuma yako? Wakikosa na hilo watakuwa na nini? Na ni wewe uliyetusomesha kusitiriana." Akashuka kwenye kinu, akajifuta utomvu. "Kisha niliona haya. Nilipoiona tu ile ncha ya kwanza, niliona haya kama mwenye kosa ni mimi."

Wanasema Maalim Haidari alikaa chini pale pale mchangani, kanzu na kilemba, akajifunika uso. Alikwisha kuona haya mbele ya Mola wake mara nyingi, na mja akizoea hilo huweza kulifanya ibada. Haya ya siku ile ilikuwa nyingine. Ilikuwa haya mbele ya mtu mwenye njaa aliyekuwa akimlinda.

Aliinuka akachukua jembe, akaenda kukibomoa kiambaza. Harufu ndiyo iliyotoka mwanzo. Viazi thelathini, kwa kukosa mkono wa kuvigeuza, kimoja kilioza kikaozesha cha pili, na vingine vilijimaliza kwa kuchipua mpaka vikabaki magamba yaliyonywea. Vilivyofaa kuliwa vilikuwa tisa. Bi Raya alikaa mlangoni pale pale alipokaa siku ya udongo, akilia bila ya sauti. Maalim akavitia tisa hivyo katika kapu, akavipeleka vyote kwa Bi Mwatime, akavitua mlangoni.

Bi Mwatime akainama, akavitazama, akachukua kimoja.

"Hiki ni changu," akasema, "cha jirani. Kilichelewa njiani. Hivi vingine vina majirani zake, vipeleke."

Akavipeleka nyumba kwa nyumba, na kila mlango aliokwenda alipokewa kwa dua, na kila dua ilimchoma. Hakuna aliyejua kwamba anarudisha. Wote walidhani anatoa.

Hapo angeweza kunyamaza. Sitara ilikuwa kamili, na mwenye kumsitiri alikwisha kumsamehe. Lakini Ijumaa ilipofika Maalim alipanda mimbari na ungo mkononi, na ndani ya ungo kulikuwa na kiazi kilichooza. Watu wakaziba pua wakashangaa.

"Enyi ndugu zangu," akasema, na sauti iliyozoea kuwaliza watu ikamkatika yeye. "Hiki ni chakula chenu. Nilikificha nyuma ya ukuta ili nisife njaa nikawasalisheni. Mjane aliponiomba nilimwonyesha ghala tupu, nikayafanya macho yake yaseme uongo ambao ulimi wangu uliona kinyaa kuusema. Mzee Shaame nilimwosha kwa mikono hii. Nilimgeuza kwa mkono mmoja. Na nyumbani kwangu mlikuwa na viazi thelathini."

Akashuka. Akaenda kukaa safu ya mwisho, karibu na viatu, akawaachia wamchague wa kuwasalisha. Kisha ndugu yake marehemu Shaame akasimama, uso wake umekunjamana, akatangulia mbele akasalisha yeye, na sala ilipokwisha alitoka bila ya kumpa Maalim mkono. Alikuwa na haki yake. Ulipita mwaka kabla hajampa.

Jioni ile Bi Mwatime alifika na mtungi wa maji ya Bi Raya kama kawaida yake, naye alikuwa amekasirika.

"Maalim, mimi nimeukata mmea ule siku ishirini, nawe umekwenda kuupanda msikitini?"

"Ulikuwa ukikata majani, dada yangu," akajibu. "Shina lilikuwa humu ndani. Lile haling'oi mtu wa nje."

Mvua ziliporudi, na mtoto wa Subira akaanza kunenepa kwa idhini ya Mola, Maalim alirudishwa mbele na watu wenyewe. Ghala lake halikuwekwa mlango tena mpaka alipofariki. Na kila alipochimba viazi alivipeleka kwanza vitatu: cha jirani, cha nyumba ya Shaame, na kimoja alichokiweka msikitini karibu na viatu, achukue atakaye.

Mimi niliposimuliwa kisa hiki na mwalimu wangu nilimcheka Maalim, tena nilimcheka sana. Mwalimu aliniacha nicheke hadi nikamaliza, kisha akaniuliza jirani yangu wa mkono wa kulia anaitwa nani. Nilimtaja jina. Akaniuliza jana usiku alikula nini.