Jiwe la Mbonea

Usimpite mwenzako, jiwe lako limo mkobani mwake.

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia Sekiete maneno hayo, pale alipotaka kumwacha nduguye kilimani na mzigo wa kuni, nanyi mkaangua kicheko. Jiwe gani? Mkoba gani? Mkasema watu wa milimani tuna maneno ya ajabu. Haya, chekeni, kicheko hakitozwi kodi. Lakini aliyeitoa methali hii hakuwa anacheka, na kwa kuwa mmeniuliza, kaeni chini niwaambie. Ilianza hivi.

Hapa kwetu Upareni, enzi za wazee waliowazaa wazee wetu, walikuwapo vijana wawili wa rika moja, Mbonea na Kirita. Waliingia jandoni mwaka mmoja, wakatoka siku moja, na tangu hapo ukimwona mmoja ujue mwingine hayuko mbali. Wote wawili walikuwa warina asali. Katika kuzunguka kutafuta miti ya kutundikia mizinga, wakaambukizwa ugonjwa ambao watu wa kijijini hawakuuelewa hata kidogo. Walipenda vilele.

Sisemi vilele vile vyenye sifa, ambako watu walikwenda kutambika na njia imekanyagwa mpaka ikang'aa. Hivyo hawakuvitaka. Wao walivitaka vile vya nyuma, visivyo na malisho wala kuni wala dawa, ambavyo vingine havikuwa hata na jina. Walikuwa wakiondoka alfajiri na kurudi jioni wamechanika nguo na miguu, na wakiulizwa wameleta nini, Kirita alikuwa akijibu, "Hatukuleta kitu. Tulipeleka."

Walichopeleka ni mawe. Ilikuwa desturi ya warina asali kwamba ukifika mahali pa juu pasipo na mwenyewe, unaacha jiwe la mto wa kwenu, lenye alama ile ile unayoichonga kwenye mizinga yako. Lakini mtu hajiwekei jiwe. Jiwe lako analibeba mwenzako, la mwenzako unalibeba wewe, na mkifika juu kila mmoja anamwekea mwingine. Wazee hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mtu akiachwa ajishuhudie mwenyewe, kila mtu angekuwa amekwisha kufika mwezini.

Mawe ya Kirita yalikuwa mekundu, kwa sababu mto wa kwao una mawe mekundu, na alama yake ilikuwa duara. Ya Mbonea yalikuwa meusi, yenye mistari mitatu. Kwa miaka tisa wawili hawa walipanda vilele kumi na kimoja, na juu ya kila kimoja ungeyakuta mawe mawili, jekundu na jeusi, yamelala pamoja. Mbonea alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi wa hasira. Kirita alikwenda taratibu, akisimama kutazama kila ua, na Mbonea alizoea kumtania, "Wewe hata konokono amekusalimia akapita." Kirita alikuwa akicheka tu na kuendelea na mwendo wake.

Kikabaki kilele kimoja, Kizumbe, kule nyuma kabisa ambako ukungu hauondoki. Walikuwa hawana haraka nacho. Mpaka siku moja Mbonea akasikia sokoni kwamba wapima ardhi wa serikali wangepanda Kizumbe Jumatatu na kusimika huko nguzo ya saruji. Siku hiyo Mbonea hakula. Miaka tisa, halafu wageni wawatangulie kwenye kilele cha mwisho! Jioni alikwenda kwa Kirita akamwambia, "Jumamosi tunapanda."

Kirita alikuwa ametoka kuugua homa wiki ile ile. Mkewe, Nakijwa, alisimama mlangoni asubuhi ya Jumamosi, mikono kiunoni.

"Shemeji, huyu hajapona. Hata uji wa jana hakuumaliza."

"Nitakurudishia jioni, shemeji," Mbonea akasema. "Kwani mimi simpendi?"

Wakabadilishana mawe palepale uani, kama walivyofanya siku zote, kila mmoja akatia la mwenzake mkobani, wakaondoka.

Walipita mashamba, wakapita msitu, wakaingia kwenye mianzi. Kufika saa nne Kirita alikuwa anatokwa na jasho la baridi. Walipomaliza mianzi, chini ya mwinuko wa mwisho, akateleza kwenye jiwe lenye kuvu na mguu ukageuka. Waliusikia ukilia. Walipovua kiatu, kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Turudi," Kirita akasema. "Mlima hauhami."

"Hauhami, lakini keshokutwa unapata wenyewe."

"Waweke nguzo yao, ndugu yangu. Sisi tutaweka mawe yetu pembeni yake. Nguzo itatufanya nini?"

"Miaka tisa, Kirita! Leo tufike hapa, halafu tugeuke?"

Kirita akautazama mguu wake, akatoa ndizi aliyoifungasha na kuanza kuimenya. Kisha akasema, "Basi niache nipumzike kidogo. Halafu unishike mkono, twende polepole."

Mbonea akatazama juu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Polepole ya Kirita aliijua tangu alipokuwa mzima, sembuse sasa.

"Wewe kaa hapa," akasema. "Usiondoke. Napanda na kushuka, hata hiyo ndizi yako hutaimaliza."

"Mbonea, mtu hapandi peke yake."

"Sipandi peke yangu. Si uko hapa?"

Akaondoka. Nami nawaambia jambo ambalo yeye mwenyewe alikuja kulikiri uzeeni: wakati ule hakuona uchungu wowote. Aliona nafuu. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alikwenda kwa mwendo wake, bila kumngoja mtu, na mwendo ule ukamfurahisha. Nyuma yake alisikia akiitwa mara mbili, akadhani Kirita anamsihi arudi. Hakugeuka.

Kilele cha Kizumbe ni kidogo, hakizidi uwanja wa nyumba moja. Mbonea alifika, akainua mikono, akapiga ukelele. Hakuna aliyeitikia. Akaingiza mkono mkobani kutoa jiwe, na likatoka jekundu lenye duara.

Alikaa chini. Mtu yeyote angemkumbusha jambo hilo kule chini, hata mtoto, lakini alikuwa ameshika mbio, na mwenye mbio hukumbuka miguu yake tu. Jiwe lake jeusi lilikuwa mkobani mwa Kirita.

Mngedhani angeona aibu, na pengine aliona kidogo. Lakini aibu ya Mbonea haikukaa, iligeuka hasira upesi, na hasira yenyewe ikamwelekea Kirita. Aliyekaa chini akitafuna ndizi ndiye jiwe lake lilale kileleni, na aliyepanda akose? Akatoa kisu. Akalikwangua lile duara mpaka likafifia, kisha juu yake akachonga mistari mitatu. Jiwe la mto ni gumu, kazi ikamla muda mrefu, na muda huo ungetosha kabisa kumfikisha alikomwacha mwenzake. Alipomaliza akaliweka juu ya mwamba, kwa mkono wake mwenyewe, akalitazama. Halikumpendeza.

Aliposimama, ukungu ulikuwa umefunga. Alishuka kwa kupapasa, akapotea, akaja kutokea chini ya mianzi upande mwingine kabisa. Aliita mara tatu, nne. Kimya. Akajiambia kwamba Kirita amekata fimbo na kujikongoja nyumbani. Mtu anayetaka kudanganyika hahitaji mwalimu. Naye akashika njia ya nyumbani.

Nakijwa alikuwa bado yuko uani. Hakumtazama Mbonea usoni. Alitazama nyuma yake, njiani.

"Shemeji, mwenzako yuko wapi?"

"Kwani hajafika?"

Nakijwa aliingia ndani, na Mbonea akasikia kilio chake kutoka huko.

Kulipopambazuka, wanaume wa kijiji wakapanda, Mbonea mbele. Pale alipomwacha Kirita walikuta ganda la ndizi na kiatu kimoja, mwenyewe hayupo. Aliyeongoza msako alikuwa Mzee Senzige, mrina asali aliyewafundisha wote wawili kazi. Mzee aliinama, akafuata majani yaliyolazwa na udongo uliokwaruzwa. Alama hizo hazikushuka bondeni. Zilipanda.

"Huyu hakuwa anarudi nyumbani," mzee akasema. "Huyu alikuwa anakufuata wewe."

Walimkuta kileleni. Alikuwa ameegemea mwamba, midomo imepasuka kwa baridi, mguu umevimba na kubadilika rangi, lakini alikuwa hai. Mapajani mwake yalikuwapo mawe mawili, moja jeusi na moja jekundu.

Mbonea akapiga magoti. "Ndugu yangu, nilikwambia usiondoke!"

"Ulipoondoka nilikumbuka kwamba jiwe lako ninalo mimi," Kirita akasema. Sauti ilikuwa haitoki vizuri. "Nikakuita, hukusikia. Nikasema, maskini, atafika juu halafu ahangaike. Ndipo nikaja. Nimetambaa kutwa nzima."

Akalichukua lile jeusi akamnyooshea. "Lako hili. Nilikuwa nakuletea."

Lile jekundu hakulisema. Ila Mzee Senzige aliliokota, akapitisha kidole gumba juu ya mistari, akahisi chini yake lile duara lililokwanguliwa. Akampa mtu wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Likazunguka mikononi mwa watu wote. Wangempiga Mbonea angeshukuru, lakini hakuna aliyemgusa. Walimfunga Kirita kwenye machela ya miti, wakambeba kwa zamu, na Mbonea alipotaka kushika zamu yake, aliyekuwa ameshika alisema hajachoka.

Wale wapima ardhi, kama mnataka kujua, Jumatatu hawakuja. Walikuja baada ya miezi miwili.

Mguu wa Kirita ulipona umepinda. Mrina asali asiyeweza kupanda mti si mrina tena, na mizinga yake ikachukuliwa na mdogo wake, yeye akabaki kusuka vikapu kibarazani. Mbonea alitoa mbuzi na pombe ya suluhu, kama inavyotakiwa. Wazee wakapokea. Kirita naye akala nyama, akanywa, akampa mkono. Hakuna aliyeweza kusema kwamba jambo halijaisha.

Ila jiwe jeusi lilibaki kwa Mbonea, na halikumpa raha. Alitaka liwekwe. Aliwaendea watu wa rika lake mmoja mmoja, akiwaomba wapande naye na wambebee. Hakuna aliyemkatalia. Huyu alisema goti linamsumbua, yule mahindi yanamngoja, mwingine akasema mwakani Mungu akipenda. Mwakani ikawa miaka kumi, ikawa ishirini, na Mbonea akaota mvi akiwa mwepesi wa miguu bado, na hana mtu wa kwenda naye popote.

Mwisho akajikaza akaenda kwa Kirita mwenyewe. Kirita alimkaribisha vizuri. Nakijwa akapika makande. Wakala, wakazungumza mvua, wakazungumza nyuki na wajukuu. Ndipo Mbonea akalitoa jiwe nguoni, akaliweka kwenye mkeka kati yao.

"Ndugu yangu," akasema, "siombi Kizumbe. Hata kile kilima kilicho nyuma ya nyumba yako kinatosha. Nibebee, nami nitakushika mkono. Tutakwenda polepole."

Kirita alilitazama lile jiwe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Mbonea kuliko lolote.

"Mbonea," akasema, "mimi nilikwisha kulibeba. Nilifika nalo."

Akachukua ukindu wake, akaendelea kusuka kikapu.

Mbonea alilirudisha jiwe nguoni, akaaga, akatoka. Njiani, kwenye mpando wa kwenda kwake, akawakuta vijana wawili asiowajua. Mmoja ameketi anatoa mwiba mguuni, mwingine keshatangulia, anapiga mluzi, haangalii nyuma. Mzee akaharakisha, akamfikia yule wa mbele, akamkamata mkono kwa nguvu mpaka kijana akaogopa.

"Shikamoo, babu. Kuna nini?"

Mbonea alikuwa analia, na hakujificha.

"Rudi ukamngoje," akamwambia. "Usimpite mwenzako, jiwe lako limo mkobani mwake."