Bi Fisimaji na Mgeni Rasmi wa Bwawani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Bwawani!
Na bwawani kumejaa nini?
Tumbo!

Basi zamani hizo chuo cha wanyama kilikuwa na mkuu wa michezo, Bi Fisimaji. Kimo kidogo, masharubu marefu, na ujanani aliogelea hashikiki. Wakimuuliza siri yake, husema, "Udadisi tu. Nikizama, nataka kujua ng'ambo kuna nini." Kuogelea kulimlea, kukampa na kazi.

Siku ya mashindano, lo! Kiboko kalala bwawani, kalijaza pembe hadi pembe.

Chura akaja na taulo. "Shikamoo babu, tupishe."

"Toka!"

Bata akaja na taulo. "Shikamoo babu, tupishe."

"Toka!"

Wakamkimbilia mkuu wao wakilia, maana wasiposhindana leo, timu inavunjwa.

Bi Fisimaji roho ilimuuma, lakini hakufoka. Alikaa ukingoni akamtazama Kiboko. Hili jitu linapenda nini hasa? Kikapita chakula: Kiboko akafumbua jicho moja. Ikalia ngoma: jicho lilelile. Kunguru akapita akisema "mheshimiwa": macho yote mawili, kodo!

Ahaa.

"Mheshimiwa Kiboko, hatuna mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi anakula?"

"Wa kwanza! Ila haingii majini kabla ya hotuba yake."

"Na anahutubu lini?"

"Wageni wote wakishatambuliwa."

"Ni dakika tu hizo," akasema Kiboko. Akatoka, grubu, grubu, akaketi meza kuu na shada shingoni.

Mshereheshaji alikuwa Kobe. Bi Fisimaji akamnong'oneza, "Leo ole wako useme itifaki imezingatiwa. Mtambue kila mmoja." Na nyuma ya hema walikuwa wamekaa siafu, ukoo mzima.

"Na-m-tam-bu-a," akaanza Kobe, "siafu wa kwanza. Simama, baba, upunge mkono. Makofi!"

Pwa! Pwa! Pwa!

Chubwi! Chura huyo. Chubwi! Bata huyo. Wakashindana mpaka jua likazama, timu ikapona, na Bi Fisimaji akacheka hadi machozi.

"Bado?" akauliza Kiboko.

"Bado, mheshimiwa."

Mpaka leo yupo pale mezani. Kobe hajawamaliza siafu, na siafu, jamani, wanazaana.

Ngano yangu imekauka. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko. Na funzo lake mlishike: hotuba ndefu hazijawahi kumfaa mtu.