Macho ya Mama Digidigi

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, Mama Digidigi aliishi na bintiye Mishi kando ya kisima chao. Maji yale ndiyo yaliyowaweka hai.

Mishi alikuwa mzito wa kusoma. Darasani walimcheka, na siku moja akakitupa kitabu uvunguni, pu!

"Sisomi tena, mama."

Mama aliumia sana, lakini hakumgombeza. Kesho yake akajifanya macho yamefifia.

"Mwanangu, kopo hili ni la chumvi au la magadi? Nisije nikaharibu mboga."

Mishi akaguna, akasoma. "Ma... ga... di."

Ikawa hivyo kila siku. Sokoni alisoma mfuko wa mbegu, zahanati kibao cha mlangoni, mashineni zamu za kusaga. Alipokosea, mama alisubiri tu, maana asiyeona atasahihisha vipi?

Fisi, mbabe wa kijiji, akazisikia habari za macho hayo. Akaja na karatasi, kidau cha wino, na Ngiri awe shahidi.

"Pole na macho, Mama Mishi. Hii ni ya mgawo wa mahindi. Wewe gonga ukwato wako hapa."

Mama akaitazama. Kila neno aliliona, akajua ni hila. Lakini akijisomea mwenyewe, Mishi atajua amedanganywa, na hatasoma tena.

"Msomaji wangu ni huyu," akasema.

Fisi akacheka, kwi kwi kwi. "Huyu? Haya, asome."

"Mimi... Mama Di-gi-di-gi..." Mishi akakwama.

Fisi akaushika ukwato wa mama, akauchovya kwenye wino. Mama akaurudisha nyuma kidogo, akimsubiri Mishi.

"...nampa Fi-si... ki-si-ma changu... mi-le-le." Mishi akainua uso. "Mama, usigonge."

Ngiri akamgeukia Fisi. "Mimi uliniambia mahindi." Akaondoka zake. Mishi akaichana karatasi, chwaa, na Fisi, bila shahidi, akajikokota kwenda kwake.

Mama akalia. Mishi akamfuta machozi.

"Usilie, mama. Mimi ndimi macho yako."

"Ndiyo, mwanangu," mama akaitika, na siri ile hakumwambia kamwe.

Basi jueni, wanangu: mtoto anayekwama kusoma hufunguka pale anapohitajiwa.