Nyati Aliyekunywa Togwa Kabla ya Kazi

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu. Asiyeniamini aondoke sasa hivi. Shangazi Mwamvita, naona umeshabinua mdomo. Shule niliiacha darasa la nne, sawa, lakini visiki navijua kuliko mwalimu aliyenifukuza. Bisha uone.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakilima, Mama Digidigi aligawiwa kishamba. Katikati palisimama kisiki cha mgunga, kirefu kufika mgongo wa Nyati, kigumu kama chuma. Na sheria ya wanyama ilikuwa moja: mvua ya kwanza ikikuta kisiki shambani, shamba anapewa mwingine. Digidigi ana watoto watatu. Mawingu yanakuja. Akapika mtungi wa togwa, akaomba msaada.

Nani akaja? Nyati. Kifua mbele, pembe juu, akili sijui aliiacha wapi. Togwa ya kazi hunywewa baada ya kazi, hata kifaranga cha kanga anajua. Nyati akainywa kabla. Gubu, gubu, gubu, mpaka akauramba mtungi.

Fuko akatoa pua shimoni. Akamshauri achimbe kwanza, akate mizizi, shina aliache refu.

"Hilo shina ndilo mpini wako, kaka. Ukilivunja utashika nini?"

"Wewe kipofu mla mizizi," Nyati akasema, "leo ndiye wa kunionyesha njia?"

Wanyama wakacheka. Digidigi naye akacheka kidogo, asije akamuudhi fundi wake.

Nyati akarudi nyuma. Akaja mbio. Vugu, vugu, vugu, twaa! Shina likakatika usawa wa ardhi. Akatangaza kisiki kimekwisha, akaenda kulala kivulini. Kimekwisha wapi? Siku ya tatu kikachipua majani mabichi, kama kinamzomea.

Akaleta kamba. Aifunge wapi, na shina hakuna? Akavuta, kamba ikachopoka, puu! Makalio chini. Akafunga tena, akavuta tena, puu! Shujaa gani huyo, kazi yake kutimua vumbi kwa makalio? Ngurumo zikasikika mbali. Digidigi akawakusanya watoto wake, tayari kuhama.

Fuko je? Akaingia chini. Kwaru, kwaru, kwaru. Mzizi wa kushoto, kach! Mzizi wa kulia, kach! Siku mbili yuko chini tu. Akaufikia mzizi mkuu, ule unaoshuka wima, akautafuna mpaka ukaachia. Kisha akachimba mteremko upande mmoja.

"Mama, sukuma kwa pua."

Digidigi akasukuma. Kisiki kikabingirika kama boga. Tone la kwanza la mvua likaangukia shimo tupu.

Na Nyati? Akasema yeye ndiye aliyekilegeza.

Funzo lake sitalizungusha: nguvu isiyosikia ushauri hukata shina, mizizi ikabaki chini inakucheka. Hadithi yangu naifukia hapo, kwenye shimo la kisiki.

Ila kuna kipande nimekiruka. Shangazi Mwamvita, ile togwa uliyonipikia juzi niling'oe kisiki cha shambani kwako, niliinywa kabla. Na kisiki nilikikata kwa panga, usawa wa ardhi. Leo asubuhi nimepita pale, kimechipua.

Mwenye sururu anisaidie. Mawingu yale si ya hadithi.