Uzi Mweupe wa Fiwi

Sogeeni, wajukuu zangu, mkae karibu. Wewe unayetafuna, meza kwanza. Nyamazeni, maana nyanya yangu alinisimulia haya kwa sauti ya chini, nami sijui kuyasema kwa kelele.

Zamani fiwi, hizi mbegu tunazopika kama maharage, zilikuwa nyeusi tii, hazina alama. Watu walikula fiwi, ng'ombe wakala majani yake. Lakini mizizi ya mfiwi ilikuwa mifupi kama kidole, na kina mama walichagua mbegu kwenye mmea ulionawiri wakati wa mvua. Uliostahimili jua haukutazamwa na mtu.

Kikaja kiangazi cha miaka miwili. Mashamba yakakauka, mifugo ikaanguka. Mjane mmoja, Kalondu, alibakiwa na ng'ombe mmoja na mjukuu mchanga asiye na mama, aliyeishi kwa maziwa ya huyo ng'ombe.

Siku moja, jua la utosi, Kalondu aliona mfiwi mmoja pembezoni mwa shamba, majani madogo, shina limepinda, lakini bado ni kijani. Jirani yake Syokau akacheka. "Kalondu wee, si umpe ng'ombe! Au unamlea kama binti mpaka umwoze?"

"Nikimpa wote leo, kesho nitampa nini?"

Akafukua shinani. Mkono ukazama mpaka kwapani, mzizi bado unashuka. Akafumua uzi mweupe wa kiondo chake, kile kikapu cha nyuzi, akaufunga kwenye shina, mtu asije akaukata. Kila asubuhi alichuma majani machache ya chini, akampa ng'ombe. Maziwa yakawa kikombe, yakawa nusu. Mtoto akilia, Kalondu analia naye, lakini maganda ya mbegu hakuyagusa.

Akapata mbegu saba. Mvua iliponyesha akazipanda. Jua liliporudi, mimea minne ikalegea kama ya zamani. Akaing'oa, akampa ng'ombe. Mitatu ikasimama, akaifunga uzi. Akafanya hivyo misimu mitatu, mpaka siku alipopasua ganda akakuta kila fiwi ina mstari mweupe ubavuni, kama uzi ule.

Syokau akaja na bakuli, macho chini. "Nimekuja kumposa yule binti yako."

Kalondu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamjazia bakuli mbegu.

Na tangu siku hiyo fiwi ina mstari wake mweupe. Mfiwi ulirithi mzizi mrefu, ng'ombe wakarithi majani ya kiangazi, na sisi wanawake tukarithi uzi wa kufunga mmea wa mbegu. Yule mtoto alirithi kiondo kilichofumuka. Alikuwa nyanya wa nyanya yangu.