Mifupa ya Kilimani

Kiangazi kile kilikausha nchi nzima, upande huu wa kilima likabaki bwawa moja tu, na ndani yake Bi Kambare na wanawe. Samaki kuwa majini, nani angeuliza? Aliuliza Fisi.

"Bwana mkubwa," alimwambia Simba huku mate yakimdondoka, "bwawa hili ni la ukoo wangu. Huyu Kambare ni mgeni. Ndugu zake wote wako mto wa ng'ambo ya kilima. Na samaki hapandi kilima! Basi aliletwa; arudi alikotoka. Nitamtoa mwenyewe, na wanawe."

Kambare akatoa kichwa majini. Kutolewa majini na Fisi, nani asiyejua mtu hufikia wapi!

"Bwana mkubwa," alisema, "bibi alitusimulia kwamba maji ya hapa na ya kule yalikuwa mamoja. Kilima kiliinuka baadaye, kikatutenga."

Wanyama wakaangua kicheko. "Kilima kiliinuka! Kilikuwa kimelala?" Simba alicheka kuliko wote, akauliza, "Nani ana kaburi hapa?" Maana desturi ilikuwa hiyo: penye makaburi ya wazee wako ndipo kwenu.

"Mimi!" Fisi akadakia. "Babu yangu amelala kileleni."

Wakapanda wote, Sungura amembeba Kambare kwenye chungu cha maji. Fisi akakwangua udongo, akatoa mfupa, akaangua kilio. "Babu wee!" Mfupa wenyewe ulikuwa wa mbuzi aliyemla juzi.

"Pole kwa msiba, kaka," Sungura alisema. "Lakini mzee mzima mlimfukia juujuu kama muhogo? Chimba, tumwone vizuri."

Angekataaje mbele ya Simba? Akachimba, akachimba, hata kucha zikagonga jiwe, likapasuka. Ndani mlikuwa na uti wa mgongo, miiba na kichwa kipana bapa, vyote vimegeuka mawe. Wakatazama jiwe, wakatazama chungu. Kichwa kilikuwa kile kile.

"Wazee wangu!" Kambare akalia, na hayo yalikuwa machozi ya kweli.

"Samaki kazikwa kilimani," Sungura alisema. "Ama alipanda, ama hapa palikuwa maji. Na kaka Fisi ameshatuambia samaki hapandi."

Simba akakohoa. "Mimi nilijua tangu mwanzo. Kambare, rudi kwenu. Wewe Fisi, endelea kuchimba mpaka umpate babu yako. Kabla ya hapo, bwawani usikanyage!"

Fisi akabaki shimoni, koo limemkauka, akitupa udongo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.